Mchanga Wote Huu, na Bado Paka Anajisaidia Jikoni

Video za simu zimetuletea mnyama mpya. Anaitwa fereti: mrefu, mwembamba, mguu mfupi. Akiamka usingizini anarudi kinyumenyume hadi kwenye kona, anamaliza shida zake ndani ya sanduku, kisha anatazama kamera akingoja makofi. Vijana wa Lodwar, huku kwetu Turkana, wanamtazama wakiwa wamekaa kivulini, vijana wa Kakuma wanamtazama simu ikiwa bado kwenye chaji dukani, na wote wanauliza swali lilelile: kama kidude hiki kinaweza, paka wetu ana shida gani?

Jibu lipo. Tunahesabu kutoka kumi kurudi moja, ili mwenye haraka akimbilie mwisho na mwenye subira acheke njiani.

10. Fereti abaki kwenye simu

Fereti amefugwa Ulaya kwa zaidi ya miaka 2,000, kazi yake kuwatoa sungura mashimoni. Ni mnyama wa baridi. Joto likifika nyuzi 30 anaanza kuzidiwa, maana hana jasho la kumpoza. Sasa mlete Lodwar, ambako nyuzi 35 za mchana ni habari isiyotangazwa redioni kwa kuwa haijawahi kuwa habari. Serikali ya mkoloni ilipomweka Jomo Kenyatta Lodwar kuanzia 1959 hadi 1961, ilijua inachofanya: jua lenyewe lilikuwa askari wa zamu. Kenyatta alivumilia. Fereti hatamaliza wiki. Na usidhani ni sisi tu tunaomkataa. Jimbo la California, huko Marekani, limepiga marufuku kumfuga, na huko hata feni wanazo.

9. Wala usimtafutie binamu porini

Tunajua unachofikiria. Fereti ana ndugu zake hapa: kicheche mwenye milia myeusi na myeupe, na nyegere asiyemwogopa hata simba. Kicheche akiudhika huinua mkia na kukupulizia harufu ambayo shati halitaisahau. Hapo mjadala wa choo utakuwa umepitwa na wakati. Nyegere mfundishe wewe, sisi tutakuwa tumeshapanda matatu ya Kitale.

Nguchiro je? Mchangamfu, mwepesi, muuaji wa nyoka. Lakini Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 inataka kibali kwa anayetaka kumfuga mnyama wa porini, na afisa wa shirika la wanyamapori, KWS, hatapokea utetezi wa "alinifuata mwenyewe." Kinachouma zaidi ni fungo. Huyo, bila mwalimu wala semina, hurudi kujisaidia mahali palepale. Kuna mitaa yetu ambayo haijafikia hapo.

8. Paka alishamaliza shule

Babu wa paka wote wa nyumbani ni paka pori, mnyama wa nyika na jangwa ambaye hadi leo anazurura usiku huku kwetu kaskazini. Kwa hiyo paka wa Kakuma yuko kwao. Aliye ugenini ni yule wa London, ghorofa ya tisa, anayetazama mvua dirishani. Kuchimba, kujisaidia, kufukia, kunusa kuhakikisha: hayo yote paka amezaliwa nayo. Wiki tatu za kwanza mama humlamba ndipo haja itoke. Akikaribia wiki nne anaanza kukwaruza mchanga mwenyewe. Fereti hafukii. Anauacha mzigo wazi na kwenda zake, na bado ndiye anayepigiwa makofi.

Majirani zetu Wasomali watakukumbusha pia kwamba Abu Huraira, sahaba wa Mtume, alipata jina hilo kwa mapenzi yake kwa paka. Mnyama wa hadhi hiyo, anayelinda mtama wako na panya na kukuonya nge akiingia, huwezi kumwita mchafu hivihivi. Ukikuta amechafua jikoni, usiseme hajui. Anajua. Ana malalamiko.

7. Kuna watu wananunua mchanga

Ndiyo, kwa pesa. Mwaka 1947, katika mji mdogo wa Cassopolis, jimbo la Michigan, rundo la mchanga la mama mmoja liliganda kwa baridi. Akajaribu majivu, paka akayakanyaga na kuyasambaza nyumba nzima. Jirani yake, Edward Lowe, akampa udongo mkavu uliokuwa ukiuzwa kwa kufyonza mafuta viwandani. Paka akaridhika. Lowe akaufunga kwenye mifuko, akauza, akatajirika. Lodwar, ambako mchanga unajiingiza wenyewe chini ya mlango na kukaa kwenye kiti cha wageni, tulikosa Lowe mmoja tu.

Kwa paka wako chukua mchanga laini wa laga, yaani mto wa msimu: Tarach kwa walio Kakuma, kingo za Turkwel kwa walio Lodwar. Chekecha kokoto zitoke, uanike juani, umimine kina cha vidole vinne. Majivu kidogo chini kabisa hupunguza harufu. Yakiwa juu, utajua njia zote alizopita paka kuanzia mlangoni hadi kwenye mto wako wa kulalia.

6. Beseni la dukani ni la nini, na jerikeni lipo?

Tafuta jerikeni la lita 20 lililopasuka, lile ambalo mama amekataa kulitupa kwa sababu "litafaa siku moja." Siku imefika. Lilaze ubavu, kata upande wa juu wote kwa kisu kilichopashwa moto, ubakishe mpini wa kubebea. Kingo zikiwa na makali zipitishie kisu hichohicho zilainike. Upande mmoja ushushe hadi kimo cha kiganja ili mtoto wa paka aingie bila kuruka viunzi. Kifuniko cha mdomo kikaze vizuri, la sivyo mchanga utakutangulia kutoka.

Karai la fundi lililotoboka nalo linafaa. Beseni la kuogeshea mtoto halifai, hata kama mtoto sasa yuko darasa la nne. Mama mkwe akija na kulitambua, atakayefundishwa choo ni wewe.

5. Muulize upepo kwanza

Upepo wa Turkana huvuma kutoka kusini mashariki, nao si wa mzaha: ng'ambo ya Ziwa Turkana, upande wa Marsabit, umepewa mitambo 365 ya kuzungusha na unazalisha hadi megawati 310 za umeme. Ukiliweka beseni upande huo wa nyumba, utakula ugali wenye taarifa kamili za paka. Lipeleke nyuma, kaskazini magharibi, penye kivuli, mbali na mtungi wa maji na mbali na sahani yake. Paka hapendi kula anapojisaidia.

Hata mwenye chumba kimoja hapendi, ila hana pa kwenda. Basi tafuta kona iliyo mbali zaidi na jiko, uegemeze kipande cha bati mbele yake. Kila mmoja apate faragha, ukiwemo wewe.

4. Mfiche fundi siri hii

Lori limeshusha mchanga wa plasta. Kwako ni ujenzi. Kwa paka wa mtaa mzima ni mwaliko. Asubuhi fundi anatupa koleo la kwanza kwenye chekeche, anatikisa, mchanga unapita, na juu ya waya vinabaki vipande vitatu ambavyo si kokoto. Anavitazama. Anakutazama. Anaweka koleo chini.

"Mkubwa, hii plasta itanuka siku ya mvua."

"Fundi, hii ni Lodwar. Mvua ya lini?"

"Ndiyo maana nitaongeza mia tano tu."

Okoa hiyo mia tano. Funika rundo kwa turubai, au lizungushie matawi ya mathenge. Mti huo uliletwa kuzuia jangwa, ukaishia kutoboa matairi na nyayo za kaunti nzima. Angalau hapa utapata kibarua cha halali. Dawa ni hiyohiyo kwa wakulima wa Kalobeyei, makazi ya wakimbizi yaliyofunguliwa 2016, wanaopanda sukuma wiki na mchicha katika vitanda vilivyochimbwa chini ili vishike maji. Paka akiona udongo laini, wenye unyevu, katikati ya Turkana, anaamini dua yake imejibiwa. Mwekee mwiba, imani itetereke.

3. Somo lenyewe, kwa wanaosisitiza kuna somo

Siku chache za mwanzo mweke chumba kimoja na beseni lake. Mpeleke baada ya kula, baada ya kuamka na baada ya kucheza. Mtue juu ya mchanga, ukwaruze kidogo kwa kijiti, kisha utazame pembeni. Hata wewe hupendi kutazamwa. Akifaulu, mpe kipande cha samaki mkavu wa Kalokol. Akikosea, usimpige wala kumsugua pua. Atakachojifunza ni kukukwepa, na mara ya pili utaletewa ushahidi chini ya kitanda.

Pale alipochafua pasugue kwa siki na maji. Sabuni zenye amonia ziache, kwa sababu hata mkojo una harufu hiyo, na paka akiinusa ataona ametengewa nafasi.

Hapa tuache utani kidogo. Dume akiingia na kutoka kwenye mchanga, akijikamua, akilia, na mkojo hautoki, huo si ukaidi. Njia imeziba, na anaweza kufa ndani ya siku chache. Mkimbize kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Na kwa joto letu, bakuli lake la maji lisikauke hata saa moja.

2. Kinyesi hakina utani

Turkana inalijua hilo kuliko wengi. Eneo hili limekuwa miongoni mwa yale yenye wagonjwa wengi zaidi duniani wa haidatidi, uvimbe wa ndani unaoletwa na minyoo ya mbwa. Shirika la afya la AMREF lilianza mpango wa kuudhibiti mwaka 1983: mbwa wakapewa dawa ya minyoo, watu wakafunzwa kujikinga, waliougua wakatibiwa.

Paka hana kesi hiyo. Kesi yake ni toksoplasma, kimelea kinachoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Lakini kina udhaifu mmoja: kinapotoka na kinyesi huwa bado hakijaiva, na huchukua kati ya siku moja na tano kabla ya kuweza kuambukiza. Ukizoa kila siku, umekiwahi kikiwa kwenye foleni. Mjamzito asiliguse beseni. Hii ni kazi ya baba, na kisingizio cha mgongo hakipokelewi, tulikuona ukicheza mpira Jumapili. Zika uchafu shimoni, mbali na laga, kwa kuwa mafuriko yakija hurudisha kila kitu kwa mwenyewe. Beseni lisuuze kwa maji yanayochemka, mboga zioshwe, mikono inawiwe kwa sabuni.

1. Anayefundishwa ni wewe

Mchanga paka ameukuta, akili amekuja nayo. Kilichokuwa kinakosekana muda wote huu ni ratiba, na ratiba ni ya mwenye vidole vya kushika koleo. Zoa asubuhi kabla jua halijapanda, zoa tena jioni. Mchanga wote ubadilishe kila wiki. Usilie gharama, mwenzako wa Michigan ndiye anayelipa. Paka mmoja, beseni moja na la akiba. Paka wawili, matatu. Paka watano? Hapo umeshafungua kambi, andikisha.

Ukizembea siku mbili katika nyuzi 35, paka hataitisha baraza. Atachagua mwenyewe kati ya gunia la unga, viatu vya Jumapili na godoro, na atachagua chochote ulichokipenda zaidi. Usimwite mshenzi. Amefuata kanuni ileile aliyoachiwa na babu yake wa nyikani: mahali pachafu pahamwe.

Wahenga walisema paka wa nyumba haingwa. Na kweli, mtu hamwingi. Beseni chafu ndilo linalomwinga, hadi kwa jirani mwenye beseni safi, ambako atawala panya wa jirani huku wa kwako wakimaliza mtama wa mgao.