Mashine Inanguruma, Vumbi Linaitazama

Sina ugomvi na fundi asiye na mashine ya kuvuta vumbi. Huyo ana ufagio, ana kikohozi, na anajua vizuri kimetoka wapi. Ugomvi wangu ni na yule aliyenayo. Ameitafuta, ameilipia, ameisomba kwa guta mpaka nyumbani, na tangu siku hiyo anaamini vumbi limeshapata taarifa.

Shemeji yangu, mume wa dada, ni mmoja wao. Siku za kazi ni mtu wa ofisini. Jumamosi anageuka seremala katika banda la mabati alilojenga nyuma ya nyumba yao, Kimara. Ana msumeno wa meza, ana randa ya umeme, na sasa ana mashine ya farasi mbili yenye feni tumboni, mfuko wa kitambaa juu na mfuko wa nailoni chini. Mgeni akifika, kabla hajapewa kiti, mashine inawashwa. Mgeni akiaga, inazimwa. Dada alishalalamika kwamba inamaliza umeme, basi imebaki kuwa ya wageni, pamoja na vile vikombe vya kabatini.

Juzi nikamkuta anapasua mkongo. Mashine inanguruma, mabati yanatetemeka, na bomba la kuvutia, lile la plastiki lenye mikunjo, limelala sakafuni limeutazama ukuta.

"Shemeji, mbona bomba haliko kwenye msumeno?"

"Liache tu, shem. Hewa yote ya humu ndani lazima ipite pale."

Nadharia hiyo nimeisikia kwa watu wengi, wengine wana digrii. Hewa haina adabu hiyo. Kibatari ukikipuliza kinazimika ukiwa umekaa mbali. Jaribu kukizima kwa kuvuta pumzi uone utakavyounguza pua. Bomba la upana wa milimita 100, ukisogea sentimita 10 tu mbele ya mdomo wake, kasi ya hewa imeshashuka hadi kama sehemu moja ya kumi. Ukirudi nyuma hatua moja, hata unyoya hauna habari kwamba kuna mashine. Ndiyo maana bomba linafungwa palepale jino linapokata, chini ya meza, na ukiweza unaweka jingine juu kwenye kinga ya jino, maana kuna vumbi linalorushwa juu moja kwa moja hadi usoni kwa mkataji.

Na urefu wake! Bomba linazunguka banda zima, linapita nyuma ya randa, linarudi kufika kwenye msumeno uliokuwa hapo hapo kando. Nilipomwambia alikate, akasema atakuja kulihitaji akipata eneo kubwa. Yaani hewa ya leo inahangaika kwenye mikunjo kwa ajili ya kiwanja kisichonunuliwa. Kila kunjo linaikwaza, kila kona inaipunguza, mwisho maranda yanatuama njiani na mwenye mashine anasema amepigwa, ameuziwa feki.

Mpwa wangu naye ana matumizi yake. Anachomoa bomba na kufagilia sakafu: maranda, vipande vya mbao, karatasi ya maandazi, na skrubu. Hiyo skrubu sasa. Katika mashine nyingi za aina hii, takataka zinapita kwenye feni kabla ya kuingia mfukoni. Chuma kikigonga chuma pale ndani kinaweza kutoa cheche, na cheche inapelekwa na upepo kwenye mfuko uliojaa unga mkavu wa mbao. Inaweza kukaa humo kimya ikifuka, watu wameshafunga banda wanakula. Nikamwambia mtoto. Akaniuliza kama misumari nayo ni vilevile.

Mfuko wa chini ulikuwa umejaa hadi shingoni. Kwa shemeji huo ni ushahidi kwamba mashine inafanya kazi. Kumbe ukijaa hivyo, hewa inakosa mahali pa kutulia, unga unapanda kwenye kitambaa cha juu, kitambaa kinaziba, na mvuto unakufa huku kelele zikibaki zilezile. Hili la kelele ndilo linalowapoteza watu: mashine iliyoziba inanguruma sawasawa na nzima.

Halafu kitambaa chenyewe. Vile vya bei nafuu vimefumwa kiasi cha kuzuia chembe za mikroni 30 hivi. Zinazoingia mapafuni ni zile zilizo chini ya mikroni 10, na hizo zinapenya kitambaa zikicheka. Kwa hiyo mashine inachukua maranda, ambayo ufagio ungeyamaliza, na ule unga laini inautema tena ndani, kwa usawa wa pua. Saa kumi jioni jua lilipita kwenye tundu la msumari pale juu ya bati, likachora mstari mpaka sakafuni. Msumeno ulikuwa umezimwa kitambo. Ndani ya mstari ule vumbi lilikuwa linaelea, linapanda, linashuka, halina haraka. Shemeji alishavua barakoa, "maana kazi imeisha."

Na mashine alishaizima, ikafa pamoja na msumeno kwa wakati mmoja. Inatakiwa itangulie kuwaka na ichelewe kuzimwa, inyonye kilichobaki kwenye bomba. Lakini kuna umeme wa dada.

Ukiwaambia mafundi wa zamani, wanakujibu kwamba mninga ni mti wa dawa, vumbi lake halidhuru. Mti wa dawa ni kweli, ila ukisagwa ukaingia puani unakukereketa, na mvule ndio usiseme. Miaka ya 1960 madaktari wa Uingereza waligundua kwamba mafundi wa samani wa High Wycombe, mji uliosifika kwa viti, wanaugua saratani ya pua kuliko ilivyo kawaida. Mwaka 1995 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wakaliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani. Shemeji alisikiliza yote hayo kwa heshima, huku anapiga msasa, mashine imezimwa. "Huu msasa tu, shem, siyo msumeno." Msasa! Unga laini kupita wote unatoka hapo.

Tukakubaliana jambo moja: mashine ihamie nje, bomba lipite kwenye tundu la ukuta, itakachotema ikiteme uani. Ni utaratibu mzuri, na kwa mara ya kwanza banda likapumua. Tatizo ni kwamba kitambaa kilitazamana na kamba ya nguo. Dada alitoka na shuka nyeupe mkononi, imekuwa rangi ya mkongo.

"Baba Neema, chagua. Mashine au kamba."

Baba Neema alichagua upesi sana. Kamba imeletwa uani kwangu, na kila Jumamosi nguo zao zinaletwa kwa toroli.