Siku Tatu za Ubaba

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa baba wa Tanzania likizo ya malipo ya siku zisizopungua 3, azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Waajiri wengi husoma "zisizopungua" wakaelewa "zisizozidi". Mama ana siku 84, au 100 akijaliwa mapacha. Mapacha humwongezea baba nepi tu.

Siku ya kwanza niliimaliza kwenye benchi nje ya wodi, nimekumbatia chupa ya uji. Ya pili ikaliwa na wageni. Ya tatu bosi akapiga simu: "Hongera sana, baba! Mama na mtoto hawajambo? Ile ripoti je?" Hakungoja jibu la swali la kwanza.

Sasa nina mabosi wawili. Wote hufoka bila kueleza wanachotaka, na wote huamini kuwa usiku ni wa kazi. Ila mdogo akishiba hucheua akanyamaza. Mkubwa hukumbuka kikao kingine. Juzi nilisinzia kikaoni, nikatikiswa nitoe maoni kuhusu bajeti. Nikajibu, "Mcheulishe kwanza." Waliocheka ni akina mama wawili wa uhasibu, mpaka machozi yakawatoka.

Hapo jirani Kenya, baba hupewa wiki 2. Nilimtajia bosi. Akaniuliza nikihamia Nairobi ile ripoti nitamwachia nani.