Mkwe Mbele, Mama Nyuma

Mume wangu na mama yangu mzazi wanapendana sana, na hawajapata kupeana mkono. Ndivyo tulivyolelewa kwetu Isukha: mwanamume hamshiki mkono mama wa mkewe, hali naye sahani moja, haketi naye kochi moja, na akimwona anakuja kwenye kijia chembamba humpisha, akangoja majanini mpaka apite. Mgeni anaweza kudhani ni chuki. Mimi ninayeishi kati yao nimeiona heshima hii ikifanya kazi. Mama akiugua, dawa humfikia kabla sijasikia kwamba anaumwa. Mume wangu alipokosa kazi, gunia la mahindi lilitua mlangoni, na kijana wa bodaboda aliyelileta hakutaka kusema limetoka kwa nani. Mapenzi yao hupitia mikononi mwa wengine, hasa watoto wetu, ambao tangu wajue kusema wamekuwa wakipeleka na kurudisha maneno kati ya baba yao na kukhu, nyanya yao: "Kukhu anasema", "Baba anauliza".

Kwa hiyo, tulipopanga kwenda kutembea kutwa katika msitu wa Kakamega likizo ya Agosti, mama hakuwa kwenye hesabu. Tuliposhuka Isecheno, penye kituo cha misitu, tulimkuta ameshafika. Ameketi kwenye gogo, leso mbili kiunoni, kikapu miguuni chenye viazi vitamu, mahindi ya kuchemsha na chupa ya chai. Kitinda mimba wetu alikuwa amempa habari kwa simu.

"Nimezaliwa kando ya msitu huu," aliniambia, "na kila nilipoingia nilitoka na mzigo wa kuni kichwani. Leo nataka kuingia kama mtu anayekwenda kusalimia."

Mume wangu alimwona kutoka mbali. Alisimama pale pale langoni, akavua kofia. "Mulembe, mama." Mama akaitikia, "Mulembe," macho yake yakiwa juu kwenye miti. Kijana wa kutuongoza, mwenyeji wa kijiji jirani, alielewa mambo bila kuelezwa. Alitupanga kama mtu anayepanga viti vya harusi: yeye na mume wangu mbele, watoto katikati, mama nami nyuma. Kwenye barabara ya msituni, ambayo ni pana kiasi cha kupitisha lori, mpango huo ulitosha kabisa.

Kabla miti mikubwa haijatufunika tulipita mkanda wa chai. Mwongozaji aliwaeleza watoto kwamba chai hiyo ni ya Nyayo Tea Zone, mpango ulioanza mwaka 1986 wa kupanda chai pembezoni mwa misitu ya serikali ili iwe mpaka kati ya mashamba ya watu na miti. Mchuma chai anakuwa jirani wa msitu bila kuwa na sababu ya kuukata. Mama alisimama akaitazama chai ile, iliyokatwa ikalingana. "Basi hii chai ni ukwe," alisema. "Imesimama katikati ili hawa wawili waendelee kupendana."

Nililichukua neno hilo nikatembea nalo siku nzima, kwa sababu kila tulichokiona kililithibitisha. Msitu huu ndio kipande pekee kilichobaki nchini Kenya cha ule msitu wa mvua unaoanzia huko Kongo na kuendelea hadi Afrika Magharibi. Ulitangazwa rasmi kuwa msitu wa kuhifadhiwa mwaka 1933, na mwaka 1985 upande wa kaskazini, Buyangu, ulifanywa hifadhi ya taifa, ambayo sasa iko chini ya shirika la wanyamapori, huku upande huu wa Isecheno ukiwa chini ya shirika la misitu. Pande zote umezungukwa na mashamba madogo yaliyobanana. Kifungua mimba wetu, aliyekuwa akisikia "msitu" na kufikiria giza na nyoka, alitembea akiwa ameinua kichwa: mbega weupe kwa weusi wakirukaruka juu, hondohondo akipita kwa mvumo wa mabawa kama wa ndege ya injini. Alionyeshwa mutoto, mti unaoanza kama mche juu ya tawi la mti mwingine, ukateremsha mizizi mpaka chini, na mwishowe ukamkaba mwenyeji wake hadi afe. Alionyeshwa pia mwiritsa, ambao gome lake linatafutwa na watengeneza dawa hadi Ulaya. Mmoja ulikuwa umebanduliwa gome kuuzunguka shina lote, umesimama mkavu. Ukichukua gome la upande mmoja mti hupona, mwongozaji alisema, ukilizungusha, umeuua.

Mama aliugusa mwiritsa ule uliokufa kwa kiganja. Hakusema kitu kwa muda mrefu.

Kilima cha Lirhanda tulikifikia kabla ya adhuhuri. Juu kabisa unaona msitu wote umelala chini yako kama maji, na ubavuni kuna shimo la zamani la dhahabu, ambalo sasa ni makao ya popo. Mume wangu na watoto waliingia na tochi. Mama alibaki nje nami, na hapo ndipo aliponisimulia mambo ambayo baba yake alimsimulia: jinsi wageni walivyomiminika Kakamega, wakisimika vigingi katikati ya mashamba ya mtama. Historia iliyoandikwa inamuunga mkono. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria kwamba ardhi za hifadhi za Waafrika ni zao milele, na kwamba kipande kikitwaliwa, jamii lazima ipewe kingine cha kulingana nacho. Mwaka 1931 dhahabu ikaonekana. Mwaka 1932 sheria ikarekebishwa, na machimbo hayakuhitaji tena kungoja ardhi ya fidia. "Mpaka waliuweka wenyewe," mama alisema, "na wakauruka wenyewe." Watoto walipotoka shimoni wakinuka kinyesi cha popo, alikuwa ameshabadilisha mazungumzo.

Taabu zilianza tulipoacha barabara na kushika njia ya miguu inayoteremka kuelekea mto Yala. Bondeni kulikuwa na kinamasi, na juu yake gogo moja la kuvukia, jeusi, limelowa. Mwongozaji alivuka akiwa amembeba kitinda mimba. Mume wangu alikaa kando na kifungua mimba ili tupite, nami nikavuka na binti yetu. Mama akaingia gogoni taratibu. Hapo mwongozaji akainua mkono. Vichakani nyuma yetu kulikuwa na ndege wengi wakilia chini chini, karibu na ardhi. "Siafu," alisema. Baadaye alitueleza kwamba katika msitu huu kuna ndege wanaofuata misafara ya siafu, si kwa ajili ya siafu wenyewe, bali kudaka panzi na mende wanaokimbia mbele ya jeshi hilo. Wakati ule hapakuwa na nafasi ya maelezo. Kifungua mimba, aliyekuwa bado ng'ambo ile, alipiga kelele, akaruka gogoni, gogo likazunguka, na mama akaenda chini. Alizama matopeni hadi juu ya magoti, kikapu kikatupwa ukingoni.

Mpango wetu wa asubuhi ulivunjika hapo. Mtu mzima aliyebaki karibu na mama alikuwa mmoja tu: mkwe wake.

Nilikuwa ng'ambo, nikimwona. Mume wangu ni mtu wa haraka, lakini kwa kufumba na kufumbua alisimama kama aliyefungwa kamba. Kisha akavunja tawi refu, akalisafisha majani kwa mkono, akageuza uso wake kuelekea miti, na kulinyoosha tawi nyuma yake. "Mwambie kukhu ashike," alimwagiza mwanawe. "Kukhu, shika!" mtoto akapaza sauti. Mama akashika. Mume wangu akavuta, mgongo wake kwake, shingo imekakamaa, akivuta kwa uangalifu kama anayetoa ndoo kisimani, mpaka mama akatoka matopeni. Kiatu kimoja kilibaki huko chini na hakijapatikana hadi leo.

Siafu walikuwa wameshafika. Walimpanda mama kupitia ukingo wa leso, na mtu anayeng'atwa na siafu hana subira. Mume wangu alimkamata mwanawe mabegani, akamgeuza, wakaondoka wote wawili hadi nyuma ya mti mkubwa. Mimi na binti yangu tulirudi kwa matope, tukatandaza leso moja kuwa pazia, na nyuma yake tukawachomoa wale wadudu mmoja mmoja, vichwa vyao vikibaki vimeng'ang'ania ngozi. Mama alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja. Tulipomaliza, kikapu kilikuwa kimepata wenyewe wapya. Kima walikuwa juu ya matawi na viazi vitamu vyetu mikononi. Walituachia chupa ya chai.

Halafu mvua. Kakamega hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na anayeishi hapa anajua kwamba sehemu kubwa ya hizo hushuka alasiri, zikitanguliwa na ngurumo. Tulikimbilia kibanda kidogo cha paa la nyasi, kisicho na kuta, cha kupumzikia wapita njia. Tuliingia sote isipokuwa mmoja. Mume wangu alisimama nje, mgongo kwenye shina la mutere, maji yakimtiririka usoni. Kibanda kilikuwa kidogo mno kwa mkwe na mama mkwe, na yeye hakuwa tayari kumvunjia heshima mwanamke aliyemzalia mke.

Nilimwita. Hakusogea. Mwongozaji alimwita pia.

Mama alimaliza kukamua leso yake. Akamvuta kifungua mimba, akamwambia kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye mti: "Mwambie baba yako hapa hapana mlango. Pasipo mlango hapana nyumba. Na desturi yetu ni ya nyumba." Mtoto akatoka mvuani kupeleka hukumu hiyo neno kwa neno. Mume wangu alifikiri, akaingia, akaketi penye nguzo ya pembeni, ametugeuzia mgongo. Mama alimimina chai katika kifuniko cha chupa, akakata kipande cha mzizi wa mukombero aliokuwa nao kifundoni mwa leso, akampa mtoto. Mtoto akampa baba yake. Baba akanywa, akatafuna, akasema, "Mwambie kukhu asante." Tulikaa hivyo hadi mvua ilipopungua.

Wakati wa kurudi mama alikuwa na kiatu kimoja. Njia ilikuwa ya utelezi na mizizi. Mbele yetu niliona mume wangu akiinama. Alivua viatu vyake, akaviacha katikati ya njia, pua zikielekea tunakokwenda, na kuendelea na soksi bila kutazama nyuma. Tulipovifikia, mama hakuuliza ni vya nani. Alivivaa, vikiwa vikubwa mara mbili ya miguu yake, akakaza kamba, tukatembea mpaka Isecheno.

Nimeyaandika haya kwa sababu nasikia watu wa rika langu wakisema kwamba desturi za ukwe zimepitwa na wakati, kama wanavyosema wengine kwamba msitu uliozungukwa na mashamba ni ardhi iliyolala bure. Sikubaliani na kauli hizo zote mbili. Siku ile mpaka haukumzuia mume wangu kumwokoa mama. Ulimfanya atafute namna ya kumwokoa ambayo ilimwachia mama hadhi yake yote. Msitu nao unahitaji watu wa namna hiyo: wanaoingia, wanaoijua miti ya mutere na mwiritsa kwa majina, wanaoumia inapobanduliwa, na wanaotoka bila kuunyang'anya kitu. Tukiukalia mbali kabisa, hatutajua siku unapokatwa. Tukiukaribia bila mpaka, tutaumaliza kwa mikono yetu, kuni kwa kuni.

Juma lililofuata mabuti ya mpira yalifika kwa mama, yakiletwa na kifungua mimba. Jibu lilikuwa jogoo. Pamoja na jogoo lilikuja swali: yale maji ya kinamasi yaliyomeza kiatu chake huenda wapi? Watoto waliulizana, wakatazama ramani. Vijito vya upande ule hushuka mto Yala, na Yala huteremka hadi Siaya, huko kwenye kinamasi kikubwa cha mafunjo na ziwa Kanyaboli, kabla ya kuingia Ziwa Viktoria. Kanyaboli bado kuna ngege wa asili, samaki aliyekaribia kutoweka katika ziwa kubwa baada ya sangara kupandikizwa, na katika mafunjo yake wanaishi nzohe, swala wa majini. Mama alisikiliza yote hayo kwenye simu, kisha akatoa uamuzi, na kitinda mimba akautangaza mezani wakati wa chakula cha jioni:

"Kukhu anasema Desemba anataka kwenda Kanyaboli. Anasema Baba atafute gari lenye viti vya mbele na vya nyuma, na viti vya mbele ni vyake."