Kamera Ilivyonidai Saa Moja

Watoto wa jirani wamepata mchezo mpya. Nikitoka getini asubuhi, mmoja wao ananiuliza kwa adabu zote, kwa Kiarabu cha Juba, "Ya mudir, saa kam?" Yaani, bosi, saa ngapi? Nikiinua tu mkono kutazama saa, wenzake wanagaragara chini kwa kicheko. Mama wa chai anajifanya anakoroga tangawizi huku mabega yakimtikisika. Dereva wa raksha, yaani bajaji, hajifanyi chochote. Anapiga honi na kuniita Nairobi. Kamera iliyonifikisha hapa bado iko juu ya mlango wa baraza, inapepesa taa yake ya buluu, na hakuna aliyewahi kuitaka ijieleze.

Kikao kilichozaa kicheko hiki nilikiitisha mwenyewe. Kreti ya soda nilinunua mwenyewe. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Mashtaka yalikuwa haya: mlinzi wetu wa usiku, ambaye mtaa mzima humwita Ustaz, anachelewa kazini saa nzima, kila siku, bila kukosa. Nilisimama chini ya mwembe na shati langu la kanisani, simu mkononi, nikawaonyesha video moja baada ya nyingine. Saa 19:04, Ustaz anasukuma geti. Saa 19:02, Ustaz anasukuma geti. Saa 19:06, Ustaz anasukuma geti, amebeba mfuko wa nailoni uliojaa madaftari. Zamu yake inaanza saa kumi na mbili jioni. "Mashine haina undugu na mtu," nikamalizia, nikimtazama mwenye nyumba, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti kwa kuwa kiti chenye mikono kilikuwa chake.

Ustaz alimaliza soda yake kwanza. Mchana anafundisha jiografia. Usiku analinda, kwa sababu tangu bomba linalopita Sudan, lenye mafuta yanayoilisha hazina ya serikali, lilipoharibika Februari 2024, watumishi wa umma wa Sudan Kusini wamejifunza kupanga maisha bila kuuliza mshahara unatoka lini. Akaweka chupa chini, akasema kwa Kiswahili alichojifunza kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma, "Mudir, samahani. Hiyo mashine inaonyesha na asubuhi?"

Asubuhi sikuwa nimeitazama. Anayemtafuta mwizi wa kuku hahesabu mayai yaliyobaki. Mwenye nyumba akaninyang'anya simu, akaanza kupekua kwa kidole kimoja. Saa 07:01, Ustaz anafunga geti akiondoka. Saa 07:03. Saa 07:02. Naye anatakiwa kuondoka saa kumi na mbili.

"Anachelewa saa nzima kuingia," mwenye nyumba akasema taratibu, "halafu anachelewa saa nzima kutoka. Huyu si mtoro. Huyu anaishi Nairobi."

Hapo kikao kikanitoka mikononi. Ustaz akaomba video ya kwanza irudiwe, kisha isimamishwe. Wanafunzi wake wawili walikuwa wamekuja kwa ajili ya soda, na sauti aliyoitumia sasa ilikuwa ya darasani.

"Shati langu hapo ni rangi gani?"

"Buluu!"

"Na kivuli changu?"

"Kirefu!"

"Saa moja usiku, Juba kuna kivuli?"

"Hakunaaa!" wakajibu, na mama wa chai na dereva wa raksha wakaitikia pamoja nao.

Ilikuwa kweli. Juba iko chini kidogo ya nyuzi tano kaskazini mwa ikweta. Jua letu huzama karibu saa kumi na mbili mwaka mzima, likitangulia au kuchelewa chini ya nusu saa, na giza halikawii. Saa 19:04 hakuna shati la buluu mbele ya kamera, kwa sababu kamera yenyewe imeshahamia picha nyeusi na nyeupe. Ushahidi wangu ulikuwa umebeba kanusho lake tangu mwanzo, umelivaa hadharani, nami nilikuwa nasoma tarakimu za pembeni.

Ustaz akaokota kijiti, akachora duara mchangani. Dunia inazunguka nyuzi 360 kwa saa 24, kwa hiyo nyuzi 15 kila saa. Juba iko karibu nyuzi 31.6 mashariki ya Greenwich. "Gawanya," akamwamuru dereva wa raksha, naye akatoa simu na kugawanya. Jibu: saa mbili na dakika sita. Maana yake ni kwamba jua, ambalo halichukui hongo, linatupa saa mbili mbele ya Greenwich, wala si tatu.

Lakini Januari 2000, Khartoum iliamua kusogeza saa mbele kwa saa moja, nasi tukiwa nchi moja nao tukasogezwa. Julai 2011 tukapata uhuru, bendera, wimbo wa taifa na pauni yetu wenyewe. Saa ya ukutani ikabaki ileile ya Khartoum. Novemba 2017 Khartoum wakarudi kwenye saa mbili, wakatuacha sisi na ile saa yao ya kuazima. Hatimaye tarehe 1 Februari 2021 Sudan Kusini nayo ikarudisha mishale nyuma. Tangu siku hiyo ukivuka Nimule kuingia Uganda unapoteza saa moja, na ukirudi unaikuta mpakani inakusubiri. "Kamera ya mudir," Ustaz akahitimisha, akifuta duara kwa kandambili, "haijarudi kutoka Uganda."

Sasa nisikilizwe na mimi, maana kwenye kikao sikupewa nafasi. Kamera haina saa ya kukisia. Ikipata intaneti inauliza muda kwa seva zinazofuata saa za atomu, na jibu inalopewa ni sahihi hadi kwenye vipande vya sekunde. Jibu hilo ni la muda wa dunia nzima, kwa hiyo kamera inafungua jedwali lililomo ndani yake na kutazama: hapa ni wapi, niongeze saa ngapi? Majedwali mengi ya namna hiyo yana chimbuko moja, hifadhidata ya kanda za saa ambayo simu na kompyuta nyingi duniani huitegemea, na watu wanaoitunza waliingiza mabadiliko ya Juba Januari 2021, kabla hata ya siku yenyewe kufika. Ndiyo maana simu ya Ustaz, ambayo kioo chake kimeshikiliwa na selotepu, haikukosea hata siku moja. Kamera yangu mpya kabisa, iliyotolewa kwenye boksi mbele ya macho yangu, ina jedwali la zamani. Na Juba nilichagua! Imo kwenye orodha, nilibofya Juba, ikaandika Juba, kisha ikaongeza saa tatu. Dakika zilikuwa sawa. Sekunde zilikuwa sawa. Ni nani anayeshuku saa ambayo sekunde zake ni sahihi?

Nchi nzima ilibadilisha saa yake mchana kweupe, ikatangaza, dunia ikaandika. Miaka ikapita, na bado kuna kiwanda kinachotuuzia kifaa kisichojua. Mji mkubwa wa Ulaya ungekosewa hivyo, marekebisho yangetoka kabla ya chakula cha jioni. Niliandikia huduma kwa wateja. Wakanijibu kwa furaha kubwa kwamba nihakikishe nimechagua mji sahihi.

Mtu mwenye akili atauliza kwa nini kamera ya wezi ilikuwa inamtazama mlinzi. Haikuanza hivyo. Fundi niliyempata soko la Custom aliifunga juu ya ukuta ikitazama barabara, mahali ambapo wezi hupita. Mjini Juba ukiinua kamera barabarani bila kibali unatafuta maneno, hilo analijua kila mgeni wa siku mbili. Sikujua kwamba ukuta nao unahesabika kuwa mkono. Wakaja wanaume wawili, wapole, miwani myeusi, hawakusema wanatoka wapi na hakuna aliyewauliza. Waliuliza tu kwa nini ninapiga picha barabara. Nikasema ni kwa ajili ya wezi. Wakaniuliza kama wezi ni wale wanaopita na magari. Fundi alikuwa tayari amepanda ngazi kuihamishia juu ya mlango wa baraza kabla sijajibu.

Kwa hiyo barabara, ambako watu wenye bunduki wasiojulikana hufanya mambo yao, haionekani. Mji wenyewe una kamera zake. Desemba 2017 serikali ilizindua kamera za mitaani pamoja na droni za kupambana na uhalifu. Hizo zinaruhusiwa kutazama nje. Yangu inaruhusiwa kutazama ndani, na ndani tuko mimi, Ustaz, mama wa chai akija kuchota maji, na kuku. Nimelipa dola za kutosha, nikanunua betri na paneli ya sola kwa sababu umeme wa kutegemea ni hadithi, ninalipa bando kila wiki, na mtu pekee ninayeweza kumkamata ni yule anayekesha ili mimi nilale. Mwenye bunduki akija kweli, nitakuwa na video nzuri yake, yenye rangi, na sijui ofisi gani nitaipeleka bila kuulizwa kwanza nani aliniruhusu kurekodi.

Halafu hiyo video hata haitoki getini moja kwa moja kuja chumbani. Nikiwa kitandani, hatua chache kutoka kwenye geti, picha inatoka nje ya ua, inaiacha nchi, inafika kwenye seva ambayo sijawahi kuambiwa iko mji gani, inakaguliwa kama mimi ni mimi, ndipo inarudi. Bando likiisha, geti langu mwenyewe linakuwa ng'ambo. Ustaz akiona nimetoka nje na taa ya mkononi kuchungulia, anajua nimeishiwa MB.

Usiku ndipo kifaa hiki hunishangaza mpaka nasahau hasira. Jicho la binadamu hukomea karibu nanomita 700 za mwanga mwekundu. Taa ndogo zilizozunguka lenzi hutoa nanomita 850, mwanga ambao kwetu ni karibu giza. Mchana kuna kichujio mbele ya kihisi kinachouzuia mwanga wa namna hiyo ili rangi zisiharibike. Jioni ikifika kamera hukisukuma kando, na ukisimama karibu unasikia: tik. Kuanzia hapo mwembe unakuwa mweupe kabisa, kwa sababu majani mabichi huakisi mwanga huo kwa wingi, na macho ya paka yanawaka pembeni mwa ukuta. Nimekaa barazani jioni nzima nikisubiri ile tik, nikamwita na mwenye nyumba aje asikie. Alisikia, akaenda kulala.

Tatizo ni buibui. Kamera ina joto kidogo, wadudu huja, na buibui anajua biashara inakofuata wateja. Akatega utando mbele ya lenzi. Uzi mmoja ulio karibu hivyo ukipigwa na taa za kamera unang'aa mweupe, upepo unautikisa, na kamera, ambayo hutambua mwendo kwa kulinganisha picha ya sasa na iliyotangulia, inaona nusu ya ulimwengu imesogea. "Mtu amegunduliwa," simu ikaniambia. Mtu amegunduliwa. Mtu amegunduliwa. Mtu huyo alikuwa na miguu minane na alifanya kazi hadi alfajiri. Ustaz alimfagia, buibui akarudi, Ustaz akamfagia tena. Mwishowe akasema kati ya walinzi wote watatu wa nyumba hii, huyu ndiye asiyedai mshahara.

Spika ya kamera niliijaribu usiku mmoja kwa kumfokea mwizi, ambaye alikuwa mkwe wa mwenye nyumba akienda msalani. Mbuzi alikula waya wa paneli. Kadi ya kumbukumbu iliyoandikwa GB 128 ilikuwa na nane.

Saa nimeitengeneza. Kwa kuwa Juba ya kamera imeharibika, niliichagulia Kigali, ambayo iko saa mbili mbele ya Greenwich na haijayumba kwa miaka mingi. Sasa kifaa kinaamini kimo Rwanda na kila asubuhi kinaniletea hali ya hewa ya huko, mvua nyepesi na baridi kiasi, wakati mimi hapa nafuta jasho la mtaani kwetu Gudele.

Bado kulikuwa na suala la pesa, kwa sababu kabla ya kikao nilikuwa nimeshamkata Ustaz kwa uchelewaji. Nikatoa pauni zilezile nilizokata. Akazihesabu, akanirudishia. Pauni iliyokatwa mwanzoni mwa mwezi, akaeleza, haikuwa pauni hii. Alitaka alipwe kwa bei ya dola ya siku aliyokatwa. Mwenye nyumba, ambaye kodi huipokea kwa dola tu, akaona hoja hiyo imejaa haki. Nikaongeza noti.

Kisha Ustaz akaandika mkataba mpya kwa mwandiko wa ubaoni, kwenye karatasi aliyochana katikati ya daftari la mwanafunzi. Kifungu cha kwanza: zamu inaanza jua likizama, yaani jua lenyewe. Kifungu cha pili ni nyongeza, ambayo sitaitaja hapa kwa sababu mama wa chai naye atadai. Kifungu cha tatu: mwajiri atalipa mshahara mbele ya kamera, ili tarehe, kiasi na saa vionekane. Mwezi huu nimehesabu noti nikiwa nimesimama barazani, uso umeinuliwa juu, kwa saa ya Kigali, na Ustaz akanirudisha nianze upya kwa sababu kidole changu kilifunika noti moja.