Kiboko Apewa Mesosfia

Wanyama wa kati ya Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo, walikuwa wamekwisha kulipa kodi ya kila kitu kinachoshikika. Makaa yalilipiwa, kakao ililipiwa, chukudu, kile kigari cha mbao, ililipiwa ikiwa na mzigo na kulipiwa tena ikirudi tupu, kwa sababu kurudi tupu ni ushahidi kwamba kuna kitu kimeuzwa. Barabara ile ya kilomita hamsini na kitu ilikuwa na bariera nyingi kuliko kona. Kwenye kamba ya kila bariera alikaa Ngedere na kitabu cha jetoni, yaani risiti za ushuru, nyuma ya Ngedere akakaa fisi mdogo, na nyuma ya wote, kwa mbali, akakaa Fisi mwenyewe, Mkuu wa Mapato.

Siku moja Fisi alitoka Beni kwenda Butembo kwa miguu, maana gari la serikali lilikuwa na madereva wawili na halina mafuta. Beni iko mita 1,100 na ushei juu ya usawa wa bahari, Butembo inakaribia 1,800. Alipomaliza kupanda alikuwa anahema ulimi nje, na katika kuhema huko akagundua jambo la kumkosesha mtoza kodi usingizi: hiki anachokivuta hakina jetoni. Wala cha jirani yake. Wilaya nzima ilikuwa inavuta bure, mchana na usiku, hata watoto.

Mkutano ukaitwa juu ya kilima. Simba akakalia kiti, Tembo na Nyati wakamzunguka, na Kiboko akapanda kutoka Vitshumbi, Ziwa Edward, akiwa amejifunga gunia lililoloa maji mgongoni. Huku chini walikaa Mbuzi, Kuku, Panya na Kinyonga wa Rwenzori mwenye pembe tatu. Okapi alikuja kutoka msituni Ituri, akasimama nyuma ya mti bila kusema neno, na kwa hiyo akaandikwa kuwa ameunga mkono.

“Kabla hatujatoza, tujue tunatoza nini,” alisema Nyani, katibu. Akaitwa Mzee Kobe, mwalimu wa jiografia, ambaye mshahara wake ulikuwa bado uko njiani kutoka Kinshasa. Mimi huwa nadhani mshahara ule ulipewa Kobe mwingine aulete, lakini tuendelee.

“Wakubwa,” alisema Kobe, “chukueni hewa kavu, muigawe mafungu 100. Mafungu 78 ni nitrojeni. Mafungu 21, kasoro kidogo sana, ni oksijeni. Fungu moja linalobaki karibu lote ni agoni. Hewaukaa haionekani kwa hesabu hiyo. Mpaka muihesabu chembe kwa chembe, na hapo katika chembe 10,000 mtaipata nne na kidogo. Mvuke wa maji nimeuacha kwa makusudi kwa sababu hauna makazi ya kudumu. Jangwani ni karibu na sifuri, na kwenye joto la bonde la Semliki hukaribia mafungu matatu.”

“Huyu wa 78,” aliuliza Simba, “anafanya kazi gani?”

“Shefu, unamvuta ndani, unamtoa nje, na anatoka vilevile alivyoingia. Hawashi moto, hazimi moto. Yupo.”

Kimya kikapita, kisha baraza likapiga makofi marefu. Lilikuwa limemtambua mwenzake. Ikaazimiwa nitrojeni awe spika. Kobe akajaribu kuongeza kwamba nitrojeni hana kosa, ila amejifunga na mwenzake kwa fundo gumu kufunguka. Kwamba radi hulifungua fundo hilo angani, na kwamba bakteria walio kwenye mizizi ya maharage hulifungua ardhini, na bila wao hakuna mmea ambao ungepata chakula chake wala mnyama nyama yake. Nyani hakuyaandika hayo, kwa kuwa bakteria hawana mwakilishi.

“Na hawa wanne katika elfu kumi?”

“Hao, pamoja na mvuke wa maji, ndio wanaozuia joto la ardhi lisikimbie lote usiku. Mimea hujijenga kwa hao. Lakini tangu binadamu waanze kuchoma makaa ya mawe na mafuta, wamepanda kutoka kama 280 katika milioni hadi kupita 420, na dunia inapata joto.”

“Wachache hivyo na wana nguvu hivyo?” Simba akakunja uso. “Wawekwe chini ya uangalizi.”

Kisha Kobe akachora ghorofa kwa ukucha, mchangani. Ya chini ni troposfia, ambayo hapa Ikweta, inayopita kusini kidogo ya Butembo, dari yake iko kilomita 16 hadi 18 juu, wakati kwenye ncha za dunia haifiki hata 10. Humo mna mawingu yote ya mvua, na kila ukipanda kilomita moja baridi huongezeka kwa nyuzi kama 6. Juu yake ni stratosfia hadi kilomita 50, halafu mesosfia hadi 85 hivi, halafu themosfia inayofika kilomita mia kadhaa, na mwisho eksosfia, ambayo haina ukuta wa nje. Inakonda tu mpaka inakuwa anga tupu.

Fisi alikuwa ameona ya kutosha. “Cheo kifuate kimo,” alisema, na hoja ikapita. Simba akapewa eksosfia. Tembo akapata themosfia, Nyati stratosfia, na Kiboko, ambaye tangu kuzaliwa hajawahi kuinua miguu yote minne kutoka kwenye matope kwa wakati mmoja, akaapishwa kuwa Waziri wa Mesosfia. Alilia kwa furaha. Troposfia, yenye ukungu, vumbi na kikohozi chake, ikaachiwa akina Kuku na Mbuzi, “wajitegemee”.

Tumbusi peke yake ndiye aliyecheka. Alisema ndugu yake mmoja aliwahi kupaa mpaka zaidi ya mita 11,000, akagongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan mwaka 1973, na hata huko, pamoja na sifa zote alizopata baada ya kufa, alikuwa bado hajatoka ghorofa ya chini. Wakamwambia anyamaze, hana elimu.

Mwezi ukaisha, ripoti za mapato zikaletwa.

Ya Simba ilikuwa karatasi nyeupe. Tembo aliandika kwamba kwenye kilomita 400 amempata mteja mmoja tu, kituo cha anga cha kimataifa, ambacho hupita kila baada ya dakika 90 kwa mwendo wa kilomita 28,000 kwa saa na hakisimami kwenye bariera. Akaongeza kwamba vipimo vinasema kule joto linapita nyuzi 1,000 lakini mtoza ushuru wake alirudi anatetemeka. Kobe akaeleza: chembe za huko zina mbio kali, ndiyo maana joto lao ni kubwa, ila ni chache mno na zimetawanyika, hazitoshi kumpasha mtu moto. Kiboko alikuwa na baridi ya nyuzi 90 chini ya sifuri na vimondo, ambavyo huingia vikiwa vidogo na kuungua kabla ya kulipa.

Nyati peke yake alikuwa na mali. Katika stratosfia kuna ozoni, inayokamata sehemu kubwa ya miale ya jua iunguzayo ngozi na macho. Nyani akapendekeza iuzwe kwa kilo. Kobe alikasirika, na Kobe akikasirika huchukua muda. Alisema ozoni yote iliyo juu ya vichwa vyetu, ikishushwa na kubanwa usawa wa bahari, haipiti unene wa milimita 3. Na kwamba binadamu walikwisha kuitoboa kwa gesi za mafriji na makopo ya kupulizia, ikabidi nchi zikutane Montreal mwaka 1987 kukubaliana kuzipunguza. Nyati akaamua kutouza. Ni uamuzi pekee wa maana uliofanywa na serikali ile, na sioni sababu ya kuuficha.

Ndipo Fisi alipomwuliza Kobe swali ambalo angepaswa kuliuliza tangu mwanzo: hewa yenyewe, hewa hasa, iko wapi?

“Chini,” alisema Kobe. “Ya juu inaikandamiza ya chini, ndiyo maana chini imesongamana. Zaidi ya robo tatu iko troposfia, na mvuke wa maji karibu wote. Nusu ya hewa ya dunia nzima haifiki hata kilomita 6.”

Fisi akatuma Ngedere apande Rwenzori hadi kilele cha Margherita, mita 5,109, akahakikishe. Ngedere alishuka siku nyingi baadaye, midomo imemgeuka rangi. Oksijeni kule ni yale yale mafungu 21, alisema, ila mafungu yenyewe yamekonda, kila pumzi inabeba karibu nusu ya pumzi ya pwani. Habari hiyo ikafika Butembo, na akina mama wakadai punguzo. Walisema wao wanapungukiwa karibu moja ya tano ya hewa ya pwani, maji yao yanachemka kwenye nyuzi 94, na maharage yao yanakula makaa mengi kuliko ya dada zao wa Beni. Fisi akajibu kwamba hewa nyembamba ni hewa ya milimani, hewa ya milimani ni anasa, na anasa hutozwa mara mbili.

Wakubwa wakashuka kutoka ghorofa zao siku hiyohiyo. Agizo likatoka kwamba troposfia ni mali ya taifa. Ila tatizo lilibaki: hewa hii haikai. Unaiwekea bariera Beni, inapita juu ya kamba. Unaifuata Lubero, imeshakuwa mvua. Fisi akataka hewa inayotulia mahali pamoja, ihesabike.

“Ipo,” alisema Mbuzi polepole. “Karibu na Goma, kuelekea Sake, kwenye mashimo ya lava ya zamani. Wanaiita mazuku. Ndugu zetu waliingia kula majani, Mzee, hawakutoka.”

“Mmeficha nini humo?”

Kobe alimsihi. Alimwambia upepo huchanganya gesi nzito na nyepesi zisitengane, hata kufikia kilomita 80 na zaidi juu. Lakini ardhi ya volkano hutoa hewaukaa kwenye nyufa, nayo ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa ya kawaida, na usiku usio na upepo hujaa kwenye shimo kimyakimya, bila rangi wala harufu ya kukuonya. Wale wanne katika elfu kumi, huko shimoni ndio wengi. Fisi akasikia neno “hujaa”, hakusikia lingine. Akaenda kusini, akilipa kila bariera aliyoiweka mwenyewe, akafika alfajiri, akaingia shimoni na kitabu cha jetoni.

Tume ikaundwa kuchunguza, Kinyonga akiwa mwenyekiti. Alipofika, jua lilikuwa limekwisha kuwaka mara nyingi, upepo umesafisha shimo, na yeye akavuta pumzi bila shida yoyote. Akaandika kwamba hewa ya hapo haina kasoro, na kwamba marehemu alikuwa ameivuta pasipo jetoni. Faini ikapelekwa kwa mjane. Mjane akauliza ailipe ofisi gani, akaelekezwa kwa Kiboko, ghorofa ya tatu, kuanzia kilomita 50 kwenda juu, saa za kazi.