Mlimani Bila Mzigo

Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, nilifika kijiwe cha bodaboda hapa Morogoro nikiwa na begi mgongoni na chupa ya chai mkononi. Nilitaka kupelekwa mpaka njia ya pikipiki inapokoma, nipande kwa miguu hadi Morningside, kwenye milima ya Uluguru. Kijana wa bodaboda alinikagua kuanzia kofia mpaka viatu.

"Dada, kama unamfuata yule mganga wa juu, leo hapokei watu."

Siendi kwa mganga.

"Ah, maombi."

Wala maombi. Akawasha pikipiki kwa unyonge, na tulipofika kwenye kona za kwanza akageuza shingo, akaniambia kwa upole kwamba ndoa ni uvumilivu.

Basi hiyo ndiyo orodha nzima. Mwanamke anayepanda Uluguru peke yake anatafuta dawa, au amefunga na kuomba, au kagombana na mumewe. Kwamba mtu anaweza kupanda ili afike juu, anywe chai, autazame mji ulivyo mdogo kisha ashuke, hilo halimo. Na mume mwenyewe sina. Nikilisema hilo ndiyo naharibu kabisa, maana sasa ninapanda kwenda kumtafuta.

Shangazi yangu ndiye kinara wa upinzani. Nilijaribu kumlainisha kwa historia. Nikamwambia kwamba mwaka 1975 mama mmoja wa Japani, Junko Tabei, alikuwa mwanamke wa kwanza kufika kilele cha Everest, mlima ambao huu wetu ukiwekwa kando yake ni kichuguu.

"Ana watoto?"

Wakati ule alikuwa na binti mdogo.

"Sasa mtoto alimwachia nani?"

Baba yake, shangazi.

Akanyamaza, akashika tama, akamwonea huruma yule baba kana kwamba msiba umetokea jana.

Lakini hoja yake kubwa ni usalama, na hapo sina ubishi. Hata mimi nikisikia hatua nyuma yangu msituni moyo hunidunda. Tatizo ni dawa anayoniandikia. Ninaambiwa nisiende peke yangu kwa sababu ya wanaume, kwa hiyo nitafutiwe mwanaume nifuatane naye. Mwezi uliopita nikakubali yaishe. Mwanaume niliyepewa ni mtoto wa kaka yangu. Ana miaka minane, na hulala taa ikiwaka.

Mlinzi wangu alimaliza chapati zote kabla hatujapoteza mji machoni. Kisha akaona kinyonga, akarudi nyuma yangu. Kisha miguu ikagoma. Nusu ya safari ile nilimbeba mgongoni, yeye na fimbo yake ya ulinzi. Na siku hiyo, nawaapia, hakuna aliyeniuliza ninakwenda wapi. Niliitwa mama njia nzima. Wakapisha. Wakanipa pole.

Jumamosi hii, bila mtoto, nilipishana na akina mama wa mlimani wakishuka sokoni. Kandambili, kanga, mkungu wa ndizi kichwani, wengine na mtoto mgongoni juu ya hayo, na mteremko umelowa umande. Wapo waliokuwa peke yao kabisa. Hao hawaulizwi kama wamekimbia ndoa. Mimi mwenye viatu vya laki na nusu, ninayehema kama mbuzi wa mnadani, ndiye natia shaka. Tena hii ni nchi ya Waluguru, ambako kwa mila ukoo na shamba vinafuata upande wa mama! Mlima una wenyewe, wenyewe ni akina mama, lakini ruhusa natakiwa niombe kwa bodaboda.

Nikafika Morningside, kwenye ile nyumba kuukuu ya enzi za Wajerumani. Nikanywa chai. Nikautazama mji. Basi.

Wakati wa kushuka nikamkuta bibi mmoja amepumzika kando ya njia na mikungu miwili.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umetoka juu? Kuna nini?"

"Nilikwenda kuangalia tu."

"Umeona?"

"Nimeona."

"Haya, na mikono unayo." Akanitwika mkungu mmoja, akajitwika wa pili, akaondoka mbele yangu kwa mwendo ambao sikuuweza. Shingo yangu iliingia mabegani. Alinisubiri mara tatu, mara zote bila kuficha kicheko.

Chini kijana wangu wa asubuhi alikuwa palepale, ameegemea pikipiki. Akaniona, akaruka kunitua.

"Pole na mzigo, mama."

Sikuulizwa habari za mganga, wala za mume. Aliupapasa mkungu, akaniuliza nauza bei gani.