Jinsi ya Kuuchungulia Uso wa Metali Ukiwa Masakta

Umeamua kujua atomu zimejipangaje kwenye uso wa metali, na kwako ni Masakta, Hanang. Hongera. Anza na metali yenyewe. Bangili ya shaba ya njano aliyoifua mhunzi wa Kidatoga itakuvutia sana, lakini haifai. Ndani yake mna vijifuwele chungu nzima, kila kimoja kimeelekea kwake, na zinki iliyomo, ukiipasha moto kwenye ombwe, hugeuka mvuke na kuchafua chombo kizima. Irudishe kwa mwenyewe, umwombe radhi.

Unahitaji fuwele moja kubwa. Njia yenye sifa katika historia ni ajali. Mwaka 1925, New York, Clinton Davisson na Lester Germer walikuwa wakirusha elektroni kwenye kipande cha nikeli. Chupa ya hewa iliyopozwa hadi ikawa kimiminika ikalipuka, mtungi wao wa kioo ukapasuka, nikeli ikashika kutu. Walipoichoma muda mrefu kuisafisha, vijifuwele vikaungana kuwa vichache vikubwa. Mwaka 1927 wakaona elektroni za volti 54 zikirudi kwa wingi kwenye pembe ya digrii 50, kama mawimbi, vile vile alivyotabiri Louis de Broglie. Mwaka 1937 Davisson akapata Nobeli. Kwa hiyo vunja kitu, ila kiwe cha bei.

Sasa usafi, na hapa ndipo kazi ilipo. Utachungulia kwa elektroni kama zao, na zikiwa za nguvu ndogo hupenya tabaka chache tu za atomu, hivyo ukiacha uchafu juu ya fuwele, utachunguza uchafu. Vumbi la kiangazi ni adui mdogo. Adui mkubwa ni hewa. Ukiipunguza hadi ibaki sehemu moja tu katika bilioni, bado uso utafunikwa na gesi ndani ya sekunde chache. Ipunguze mara elfu kumi tena, utapata saa kadhaa za kufanya kazi. Pampu zisilale. Umeme ukikatika usiku wa manane, unaanza upya: pasha chombo chote moto, piga fuwele kwa ayoni za agoni, ichome, subiri. Mwenye nyumba akiuliza bili yote hii ni ya nini, mjibu kwa heshima kwamba unatengeneza utupu. Usitegemee atakupunguzia kodi.

Ukishazoea elektroni, jitie kimbelembele na positroni. Uzito ni ule ule, ila chaji yake ni chanya, kwa hiyo viini vya atomu huisukuma badala ya kuivuta, na mahesabu huwa mepesi. Ikija kwa kulala sana, hurudi bila kuingia ndani, ikakuonyesha tabaka la juu peke yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Brandeis, Marekani, walirusha positroni kwenye shaba mwaka 1980.

Positroni utazipata wapi? Ndizi mbivu hutoa positroni moja kila baada ya saa moja au mbili hivi, kwa hiyo kula tu ndizi yako. Kinachofaa ni sodiamu-22, na kibali chake kinatoka Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Hata hivyo, zikipitishwa kwenye tangsteni ili zipunguze mwendo, katika maelfu utabaki na moja ya kutumia.

Sodiamu-22 hupungua nusu kila miaka 2.6, hata ikiwa imefungiwa kabatini. Usiiagize kabla umeme wa kwako haujatulia.